Kutapika Katika Boma la Mkwe

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kutembea. Baba alikufa nikiwa darasa la tano. Mama akamfuata nikiwa darasa la saba, na sikurudi shuleni tena, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu. Nilipalilia miwa ya watu kwetu Shianda, nikauza ndizi sokoni, nikawalea. Nanzala, kitinda mimba wetu, alipoposwa, mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha mama. Ng'ombe wa mahari walipokelewa na mimi. Tangu siku hiyo mumewe, Shiundu, ni mkwe wangu, ingawa kwa umri ni kama mdogo wangu tu. Huniita mama. Hatushikani mikono wala hatuli meza moja. Akinikuta njiani, hupita kando.

Ugonjwa ulianza kwa damu. Nilikuwa nimeshakoma hedhi, ghafla ikarudi, tena yenye harufu. Hospitalini Kakamega wakanipima na kusema ni saratani ya mlango wa kizazi. Nilitibiwa kwa mionzi, nikapata nafuu ya mwaka mmoja, kisha ikarudi, safari hii kwenye nyonga na mgongo. Daktari aliniambia akinitazama machoni, "Mama, hatuwezi kuiondoa tena. Lakini maumivu tunayaweza." Akanipa mofini, dawa ya maji ya kunywa kila baada ya saa nne, pamoja na vidonge vya kulainisha choo.

Wadogo wangu wawili wa kiume wako mbali kikazi. Nanzala akasema nitakaa kwake Navakholo. Senge, dada ya baba, alishika kichwa.

"Mama mkwe alale bomani kwa mkwe? Hata kuku watacheka!"

"Wacheke," Nanzala akamjibu. "Au wewe ndiye utamwosha?"

Shiundu akanijengea chumba cha mabati ukingoni mwa boma, mlango ukitazama miwa, ili tusionane. Hilo alilifikiria. Ambalo hakuna aliyelifikiria ni choo. Boma lilikuwa na choo kimoja, na mkwe ndicho alichotumia. Kwetu mama mkwe haingii humo.

Basi nilijizuia. Shiundu ni mtu wa boda boda, kwa hiyo nilingoja aondoke, ndipo nijikokote hadi huko haraka kama mwizi. Siku nyingine alichelewa kuondoka, haja ikaja ikapita. Vidonge vya kulainisha choo nikavificha chini ya godoro, nikiogopa vitaniletea haraka nisiyoweza kuizuia. Mofini niliendelea nayo.

Wiki ya pili nikaanza kutapika. Kwanza chakula, halafu maji, mwishowe nyongo ya kijani iliyochoma koo. Harufu ya kitunguu kikikaangwa jikoni ilitosha kuniinamisha. Nanzala aliniletea obusuma, ugali wetu, na kuku, akasimama juu yangu kama nilivyokuwa nikimsimamia yeye utotoni.

"Kula, dada. Asiyekula obusuma hajala."

Nikameza matonge matatu. Yote yakarudi kwenye beseni. Nilimwona akigeukia ukuta ili nisimwone akilia. Tumbo langu lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma.

Nikaamua kwamba mofini ndiyo mbaya. Nikaiacha. Kutapika kukapungua kidogo, lakini mgongo ukawaka moto, nikashindwa hata kugeuka kitandani. Nikainywa tena, nikatapika. Nikaiacha, nikalia. Nililala nikitazama misumari ya mabati, mmoja baada ya mwingine, na sikuona pa kutokea.

Shiundu akaenda kumleta muuguzi wa wagonjwa wa nyumbani. Akamfikisha mlangoni, yeye mwenyewe akabaki nje chini ya dirisha. Ukuta wa mabati hauzuii neno.

"Mama, choo unaendanga?" muuguzi akauliza.

"Naendanga vizuri," nikasema.

Ningesema nini, na mkwe yuko pale? Muuguzi akaniachia vidonge vya kuzuia kutapika. Havikunisaidia.

Muuguzi aliporudi wiki iliyofuata, tena akiletwa na Shiundu, nilikuwa mifupa. Alinibonyeza tumbo polepole, akakunja uso. "Mama, tumbo hili na maneno yako havipatani. Mara ya mwisho ni lini?"

Nikatazama ukuta. Chini ya mlango niliona viatu vya Shiundu. Muuguzi hakuelewa. Nanzala alielewa.

Viatu vikaondoka. Mara tukasikia pikipiki ikiwashwa. Haikwenda popote. Ilinguruma papo hapo, Shiundu akavuta mafuta mpaka mabati yakatetemeka.

"Sema, dada," Nanzala akanipigia kelele sikioni. "Hata mimi sikusikii!"

Nikasema. Siku kumi na moja. Nikatoa vidonge chini ya godoro.

Muuguzi hakunigombeza. Alisikiliza tumbo kwa makini, akahakikisha kwamba utumbo haujaziba. Kisha akavaa glavu, akanitoa kwa kidole kinyesi kigumu kama kokoto. Niliuma shuka, Nanzala akinishika mkono. Nje pikipiki iliendelea kunguruma mpaka mwisho.

"Mofini hukausha choo," muuguzi akanieleza. "Kichefuchefu chake cha mwanzo hupungua baada ya siku chache. Lakini kufunga choo hakuishi kwenyewe. Choo kikijaa, chakula kitapita wapi? Kitarudi juu."

Wiki hiyohiyo Shiundu alichimba choo kingine nyuma ya chumba changu. Alimtuma Nanzala aniulize mlango utazame wapi.

Sitawadanganya, saratani bado ninayo. Lakini kwangu siku ya kutapika sasa ni ngeni. Kidonge cha kuzuia kutapika nakimeza nusu saa kabla ya kula. Nakula kidogo kidogo, uji uliopoa au kipande cha ndizi, nikiwa nimeketi. Kitunguu kinakaangwa mbali nami. Obusuma nala tonge moja, na Nanzala amejifunza kulihesabu kuwa mlo. Wewe unayekunywa mofini, usiiache kwa akili yako mwenyewe, na dawa ya choo usiifiche. Nanyi mnaomuuguza mtu, mkiona anajibu "vizuri" haraka haraka, angalieni ni nani aliye karibu anayesikia.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule muuguzi na Nanzala wangu. Shiundu siwezi kumshukuru uso kwa uso, wala yeye hangeruhusu. Ila kila muuguzi anapokuja na kuketi kitandani kwangu, pikipiki huwashwa pale nje na kunguruma bila kwenda popote. Nami huanza kusema.