Kwenda Iringa Kuulizia Utabibu

Nilikwenda Iringa kwa sababu mfumo wa maombi ya vyuo ulinijibu kwamba sina sifa, bila kusema nimekosa nini. Kidato cha nne nilifaulu Kemia vizuri, na Baiolojia niliongoza darasa. Tangu utotoni nimetaka kuwa tabibu. Lakini malisho yetu ya Usangu yamekwisha, na baba ameamua tuhame na ng'ombe kwenda Lindi. "Ukipata chuo, utabaki," aliniambia. "Ukikosa, tunaondoka wote."

Alfajiri kaka alinipeleka kwa pikipiki hadi Igawa, vumbi la mashamba ya mpunga likituingia mpaka kwenye meno. Hapo nikapanda basi la kutoka Mbeya. Makambako upepo ulitupiga, kisha ikaja misitu ya paini, na Mafinga watu wote walikuwa ndani ya makoti. Mimi nilijifunga kanga nikitetemeka, nimejaa furaha ya kijinga, maana nilikwisha jiona nimevaa koti jeupe.

Iringa mjini nilipokewa na Mama Tumaini, Mhehe, mwanakwaya wa Kilutheri, ambaye binti yake nililala naye bweni moja shuleni. "Kamwene," alinisalimu, akanitengea ugali na maharage. "Mnahama tena? Ninyi Wasukuma, ng'ombe akipiga chafya tu mnafungasha." Nilicheka sana. Kabla ya kula aliomba, akanitaja kwa jina.

Asubuhi, chuoni, msajili alikuwa mama mmoja mpole. Alitazama matokeo yangu, akainua macho.

"Fizikia iko wapi?"

"Sikuifanya."

"Kwa nini?"

Nilimweleza. Tulipoingia kidato cha tatu shule haikuwa na mwalimu wa Fizikia. Mwalimu wa taaluma akatukusanya, akasema tuliache somo hilo lisije likashusha ufaulu wa shule. Tulishangilia, tena mimi kwa sauti. Nani alikuwa anaipenda Fizikia? Hakuna aliyetuambia kwamba njia ya utabibu inapitia humo, na ya uuguzi vilevile. Ninyi mlioko kidato cha pili huko nyumbani, kaulizeni mapema, msingoje kuambiwa.

"Mnakuja wengi wa namna hii, mwanangu," alisema. "Jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, usome Fizikia, upate hata D. Ndiyo urudi."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, ukipata wa kukufundisha."

"Na nikiwa porini, Lindi?"

Alinirudishia karatasi zangu kwa mikono miwili, na upole wake uliniumiza kuliko kama angenifukuza.

Nilikaa kwenye ngazi za nje nikalia, wanachuo wakinipita. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Miaka minne ya kuamka kabla ya jogoo, na ukingo wenyewe ulikuwepo muda wote.

Mama Tumaini alisema nibaki kwake nisome, akampigia baba simu. Baba alimshukuru sana, akakataa. Chuo angekielewa. Binti kukaa kwa watu mwaka mzima kwa ajili ya somo moja, hilo halikumwingia akilini, wala simlaumu.

Safari ya kurudi sina la kuwasimulia. Nadhani nilifumba macho tangu Mafinga.

Nyumbani nilikuta mama amekwisha tia sufuria kwenye magunia. Baba alikuwa zizini. Alinitazama bila hasira.

"Kabula, hiyo Fizikia ni kitu gani, mpaka ikufungie njia?"

Angeniuliza damu inavyozunguka mwilini, au malaria inavyomwingia mtu, ningemweleza mpaka ng'ombe walale. Fizikia niliiacha kabla sijaijua.

"Sijui, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi kamsaidie mama yako kufunga vyombo," akasema.