Singileti chini ya abakosti

Nawaambia ninyi kwa sababu mmeshaisikia nusu nusu kwa wengine, afadhali mcheke mkiwa na habari kamili: mimi njo yule mtu aliyekula pikiniki ya klabu ya mashua za matanga akiwa amefungwa kitenge cha mwanamke.

Ilikuwa wakati wa Zaire, kiangazi, vakansi kubwa, shule zimefungwa, na klabu yetu pale Kalemie kando ya ziwa (makarani watupu, mashua tano za zamani zilizoachwa na Wabeleji, na nusu yetu kuogelea hatujui) ilikuwa na safari yake ya kila mwaka kwenda kula samaki kwenye ufuko mmoja kusini mwa mji, nami nikaomba kumbeba mashuani mwangu Papa Asukulu, mvuvi mzee wa Kibembe, baba yake Riziki, ambaye miezi mitatu mizima alikuwa hajanijibu kama atanipa binti yake au hapana. Nilitaka anione mtu wa maana. Basi nikavaa abakosti yangu ya biro, lile koti la kwendea kazini lisilotaka tai, nikafunga vifungo mpaka shingoni, na kwa kuwa chini ya abakosti hakuna anayeona kitu (wote tulifanya hivyo, msijifanye), ndani nikabaki na singileti iliyokuwa na matobo mengi kuliko kitambaa.

Papa akauliza, "Kasia ziko wapi?"

"Papa, hii ni mashua ya tanga. Kasia ni za wavuvi."

Nilimwambia hivyo mvuvi. Akakaa.

Saa tano upepo ukatulia. Wenzangu wakatoa kasia zao, wakazunguka rasi, wakapotea, sisi tukabaki tunaelea, tanga limelala, nami nachuruzika jasho. Kwa mbali ukatokea mtumbwi wa wavuvi.

"Vua koti, uwapungie," akasema Papa.

"Papa, siwezi kuvua nguo mbele ya mukwe. Ni heshima."

"Sawa. Nitavua miye." Akaanza kufungua shati lake.

Ninyi mnajua kwetu: ukiona kifua cha baba mkwe, hiyo ndoa imekwisha kabla haijaanza. Nikavua mimi. Nikapunga kwa nguvu zote, nguvu za kijinga, abakosti ikaniponyoka, ikazama na vifungo vyake vyote. Nilipogeuka, Papa alikuwa anaangalia singileti, tobo moja baada ya jingine.

Wale wavuvi walituvuta wakicheka njia nzima, na ufukoni klabu yote imesimama, pamoja na Riziki na shangazi zake watatu waliotangulia kwa lori na masufuria ya bukari, ugali wetu. Nilitamani kuruka majini (ila ndiyo hivyo, kuogelea sijui). Riziki akaingia maji mpaka magotini, akafungua kitenge chake cha juu, akanifunika mabegani. "Nyamaza tu, ukule," akaniambia. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Jibu la Papa lilikuja wiki mbili baadaye, familia zote mbili zimekaa kwake, wajomba zangu wamemaliza maneno yao mazuri, mimi nimo katika abakosti ya kuazima.

"Fungua vifungo kwanza," akasema.

Nikafungua kimoja kimoja. Ndani, shati jeupe, jipya, limepigwa pasi.

Papa akaliangalia mpaka akatosheka, akawageukia wale shangazi watatu: "Muiteni Riziki."

Tangu siku ile sipandi hata mtumbwi bila kasia, na matobo sifichi tena. Hata ningetaka nisingeweza: Papa ametutoka siku nyingi, lakini kila asubuhi nikienda kazini Riziki ananisimamisha mlangoni, ananifungua kifungo cha juu, anachungulia.