Kiingereza cha Bwana Kifagio

Kwanza tuelewane: Makokha hakuwa mjinga. Wanaosema alikuwa mjinga ni wale ambao hawakuonja mkate wake. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja huko Molo, kwenye baridi ile ya kumfanya mtu avae blanketi hata akienda kuoga, na mkate wake uliumuka vizuri hata asubuhi ambayo maji yameganda ndooni. Mimi nilikula. Nasema ninachokijua.

Huyo mzungu watu walimwita Bwana Kifagio kwa sababu ya masharubu yake. Jina lake la ubatizo alilijua Mungu na watu wa posta. Alikuwa na shamba la viazi na pareto lisilomalizika kwa macho, na alikuwa na sauti. Lo! Akiita chai kutoka verandani, kondoo wa jirani waliacha kula. Na tangu Makokha aingie jikoni mwake, hakuwahi kumwambia neno la Kiingereza lisilokuwa amri. Bring this! Take that! Not there, you fool! Mara moja kwa mwaka alisema Merry Christmas, na hata hiyo aliisema kama anayemwamuru mtu afurahi la sivyo afutwe kazi.

Basi Makokha akakiokota Kiingereza hivyo hivyo, kama kuku anavyookota mahindi. Jumapili, wafanyakazi wakikaa nje ya vibanda vyao kuota jua, walimwomba awatolee Kifagio. Makokha alikunja nyusi, akaweka mikono kiunoni, akavimba shingo, na mzungu mzima akatoka kinywani mwa Mbukusu huyo. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee mmoja wa kukamua ng'ombe, kila aliposikia sauti ile, alisimama na kutafuta ndoo yake kabla hajakumbuka kwamba ni mchezo.

Taabu ilianza pale Makokha alipopenda. Msichana mwenyewe aliitwa Nasimiyu, mwimbaji wa kwaya huko Nakuru, mwenye macho ya kukuuliza swali hata akiwa amenyamaza. Walionana siku Makokha alipoteremka na lori la viazi kununulia jiko la Bwana vitu mjini. Sijui walisemezana nini, hayanihusu. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo Makokha alitafuta kila sababu ya kupanda lori lile, na jiko la Kifagio likawa linaishiwa na chumvi kila juma.

Nasimiyu naye alikubali. Aliyekataa alikuwa baba yake.

Mzee Hezekiah Wamalwa alifanya kazi ya reli. Kazi yake ilikuwa kupunga bendera pale stesheni ya Nakuru, nyekundu na kijani, na ukimsikia akieleza ungedhani bila mkono wake treni zote zingeishia ziwani kwa ndege korongo. Nyumbani kwake, kwenye nyumba za reli, alivaa kofia ya kazi hata akila. Alisifika kwa Kiingereza. Hakuna aliyewahi kumsikia akikisema kwa kirefu, lakini alikuwa akitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayekielewa, na hiyo ilitosha.

"Binti yangu haolewi na sufuria," alisema. "Nataka mkwe ninayeweza kukaa naye tuongee Kiingereza, watu wa reli wapite wasikie."

Nasimiyu akampelekea Makokha habari hizo bila kuzitia sukari. "Baba anataka Kiingereza. Kisome. Kuna Mwalimu Kosgei anafundisha watu wazima Jumapili mchana, nyuma ya kanisa. Na ile sauti ya bwana wako usije nayo kwetu, nakuambia mapema."

"Sauti gani?"

"Hiyo unayoitoa ukitaka kuchekesha watu. Wengine haituchekeshi."

Mwalimu Micah Kosgei alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye koti moja na subira nyingi. Jumapili moja, Makokha akiwa darasani, aliandika ubaoni maneno matatu, akageuka.

"Kitenzi kina hali zake, kama mtu tu," alisema. "Kuna siku kinaeleza mambo yalivyo: mvua inanyesha, treni imechelewa. Hiyo ni hali ya kuarifu. Kuna siku kinaamuru: simama, lete, ondoka. Na kuna siku kinatamani jambo ambalo halipo: laiti ningekuwa gavana."

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali yenyewe ilikuwa imesahau hali nyingine zote ikabaki na ya kuamuru: simama, lete kipande, rudi ulikotoka. Mtu mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono polepole. "Mwalimu, hiyo ya tatu si itatufungisha?"

"Ukitamani ugavana, ndiyo. Tamani kitu kidogo."

Kwa kuarifu Makokha alijikongoja. Kwa kuamuru, loo, mtu alikuwa amezaliwa hapo! Mwalimu alimwambia asimame atoe mfano mmoja tu. Makokha akakunja nyusi. "Shut that window! Are you deaf?" Darasa zima likakaa wima. Fundi mmoja wa viatu akavua kofia. Mwalimu Kosgei mwenyewe akajikuta yuko dirishani, amelifunga, mkono bado uko kwenye komeo. Alirudi mbele akikohoa.

"Makokha," alisema, "wewe husemi Kiingereza. Wewe unasema Kifagio. Si kitu kimoja."

Baada ya darasa akambakisha, kwa maana alijua habari za Nasimiyu kama mji mzima ulivyozijua. Akamfundisha sentensi moja ya kutamani, ya kumwambia mzee siku ya posa: If I were your son, sir, I would be a happy man. Makokha akaikariri, ila neno moja lilimkwama.

"Mbona were, Mwalimu? Mimi ni mmoja. Ulisema were ni ya wengi."

"Kwa sababu anayetamani hutembea kwa adabu. Hata Mwingereza, akifika mahali pa kutamani, huinama kidogo. Si kwa mgongo, lakini angalau kwa kitenzi."

Makokha alicheka. Hakuwahi kumwona Mwingereza akiinama hata kwa kuokota kiatu chake mwenyewe.

Siku ya posa ikafika. Makokha aliibeba ile sentensi kutoka Molo kama mtu anayebeba mayai kwenye kofia. Njia nzima, juu ya magunia ya viazi, alikuwa akiinong'ona. Aliongozana na baba yake mdogo, Mzee Situma, msemaji ambaye angeweza kuposa hata kwa niaba ya jiwe. Kwa mila, hiyo ilikuwa kazi ya Situma yote. Mposaji huketi, huangalia vidole vya miguu yake, wakubwa ndio husema. Na mama wa msichana hakai chumba kimoja na mkwe mtarajiwa. Yeye na binti yake walikuwa jikoni huko nyuma, mlango uko wazi kidogo kwa ajili ya masikio.

Situma alisema. Alianza na babu zao, akapitia ng'ombe, akavuka mito miwili, akaja akatua vizuri mlangoni mwa nyumba ya reli. Wazee wa kanisa waliokuwapo wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mambo yalikuwa yanaelekea pazuri kabisa. Lakini Mzee Hezekiah akarekebisha kofia yake.

"Maneno yako ni mazuri, Situma, ila ni ya zamani. Mimi ni mtu wa reli. Nataka kumsikia kijana mwenyewe, kwa Kiingereza."

"Hezekiah, mila…"

"Kwa Kiingereza."

Makokha akasimama. Akafungua kinywa aitoe ile sentensi, na ile sentensi haikuwapo. Ilikuwa imeshuka mahali fulani njiani, labda Elburgon. Akatafuta if, akatafuta were, patupu! Watu walimtazama. Huko nyuma ya mlango alijua kuna macho yale ya kuuliza. Alihisi kufa. Na mtu akiogopa sana hushika kilicho karibu, na kilichokuwa karibu na koo la Makokha, miaka yote ile, kilikuwa kimoja.

Nyusi zikakunjana zenyewe.

"You there! Where's my tea? Don't stand there like a sheep! Tea! And be quick about it!"

"Yes, sir!"

Hakuna aliyejua mara moja nani amejibu. Kisha wakaona kiti cha Mzee Hezekiah kitupu. Mzee alikuwa amesharuka, visigino pamoja, mkono kwenye kofia, na kabla Situma hajafunga kinywa, baba wa bibi arusi alikuwa ametoka mbio kuelekea jikoni. Walimsikia huko akigongana na sufuria. Walimsikia akisema, "Haraka, haraka, nipe birika!" Halafu akatokea tena mlangoni, birika mkono mmoja, kikombe mkono wa pili, akihema, akimtafuta mzungu chumbani.

Hapakuwa na mzungu. Palikuwa na mpishi wa Molo tu.

Kutoka jikoni kikasikika kicheko. Alikuwa Nekoye, mama yake Nasimiyu, na alicheka kicheko cha mtu aliyekiweka miaka mingi. "Yesu wangu! Tangu anioe sijawahi kumwona ameshika birika! Nilidhani halijui!"

Chumbani hakuna aliyethubutu kucheka. Situma alijifunika uso kwa kofia. Uso wa Mzee Hezekiah ulikuwa umebadilika rangi, na midomo ilimcheza. Mtu mzima, mbele ya wazee wa kanisa, nyumbani kwake! Nasema kweli, hata mimi nikisimulia naona aibu kwa niaba yake.

"Tokeni," alisema kwa sauti ndogo. "Wote. Na huyu asikanyage hapa tena."

Situma akaanza kuokota fimbo yake. Makokha hakusogea. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakuyaficha. Akasema kwa Kiswahili, sauti yake mwenyewe, ya chini.

"Mzee, nisamehe. Hicho ndicho Kiingereza chote nilicho nacho. Huko Molo hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kwa Kiingereza, wala kuniambia pole. Naitwa tu, natumwa tu. Nilikuwa nimefundishwa maneno ya heshima, yamenipotea. Laiti ningekuwa mwanao, Mzee, wewe usingeinuka. Mimi ndiye ningekuletea hiyo chai."

Birika lilikuwa likitoa mvuke mkononi mwa mzee. Alilitazama kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Huyo bwana wako," akauliza hatimaye, "ana sauti hiyo kweli?"

"Hiyo ni ya asubuhi, Mzee. Akiwa amelala vizuri."

Mdomo wa Hezekiah ukacheza tena, lakini sasa kwa upande mwingine. Akaweka birika mezani. Akavua kofia, jambo ambalo majirani walikataa kuliamini waliposimuliwa, akaipachika pembeni mwa kichwa, akatoa tumbo nje na kufumba jicho moja. "Boy! What do you call that? Is that a flag or your wife's petticoat?" Alikuwa ni mkubwa wake wa stesheni, mzima mzima, na homa yake ya mafua. Mzee mmoja wa kanisa, aliyewahi kufanya kazi reli, akapiga yowe na kujitupa kwenye kiti. Makokha akamjibu kwa Kifagio akitafuta miwani yake. Hezekiah akarudi na mzungu wa karakana akigombana na nyundo. Wakajibizana hivyo, wazungu wanne watano katika chumba kidogo cha reli, mpaka Situma akaomba wanyamaze, eti mbavu zake ni za ukoo na bado zina kazi.

Watu walipopata pumzi, Mzee Hezekiah alirudisha kofia mahali pake. Akamkodolea macho Makokha kwa muda. Kisha akanyoosha kidole, akavimba shingo, na akasema kwa Kiingereza, kwa nguvu zake zote:

"You! Sit down! Drink tea!"

Makokha akaketi. Wazee wakapiga makofi. Situma akaangua wimbo palepale, bila kungoja kuulizwa.

Ndipo mlango wa jikoni ukabweka. "Boy!" Ilikuwa sauti ya Nekoye, ameikaza kweli kweli. "Sugar! Quick, quick!"

Na Mzee Hezekiah, Mungu amsaidie, akawa ameshainuka nusu.

"Kaa tu, Baba," Makokha akasema, akimgusa bega. "Naleta mimi."

Alikwenda hadi mlangoni, na hapo akasimama, maana hakuweza kuingia alimo mama mkwe. Akageuza uso pembeni kwa heshima na kunyoosha mkono ndani bila kutazama. Akangoja. Alisikia wanawake wakinong'onezana na mmoja akisukumwa. Kisha bakuli la sukari likawekwa kiganjani mwake, na vidole vilivyoliweka havikuondoka haraka.