Kabichi Zisizo na Mizizi

Kwa miaka kumi na tatu nilikuwa mkulima hodari kuliko wote katika Bonde la Ufa, kuanzia saa kumi na mbili unusu asubuhi hadi saa moja kasorobo. Baada ya hapo nilitoka studioni, nikateremka ngazi, nikanywa chai na mandazi katika mkahawa wa chini ya jumba letu mjini Nakuru, na kurudi kuwa Kipchirchir wa kawaida, mtu asiyeweza kutofautisha mche wa kabichi na mche wa sukuma wiki.

Kipindi changu kiliitwa Jembe la Asubuhi. Maneno yaliandikwa na binti mmoja aliyesomea kilimo, Chesang, ambaye alikuja kila Ijumaa na karatasi tano za wiki iliyofuata. Kazi yangu ilikuwa kuzisoma kwa sauti nzito, nikipumzika mahali panapofaa kana kwamba nimetoka tu kukung'uta matope kwenye buti. Nilikuwa naipenda sana sauti hiyo. Nikisema "mkulima mwenzangu," hata mimi mwenyewe nilisisimka.

Siku redio ilipouzwa, wenye nayo wapya walitaka muziki wa vijana asubuhi nzima. Wakaniaga kwa keki na saa ya ukutani. Nikafunga virago nikarudi nyumbani Tulwet, kijiji kilicho juu ya Keringet, ambako mke wangu Jelagat alikuwa akifundisha shule ya msingi na kulima shamba letu miaka hiyo yote mimi nikija Jumamosi kula na kuondoka Jumapili nimeshiba.

Sikuwa nimemaliza wiki moja kabla Chepngeno hajabisha hodi. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kikundi cha Bustani na Kazi za Mikono cha Tulwet: mama mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana kama koleo. Alikuwa amekumbatia madaftari matatu manene yaliyofunikwa kwa gazeti.

"Mwalimu," akaniita. "Hii yote ni wewe."

Nikafungua. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe tatu nne, na chini ya kila moja maneno ya Jembe la Asubuhi kwa mwandiko wa mtu anayeandika huku amesimama jikoni. Jinsi ya kuchagua mbegu ya viazi. Jinsi ya kuivisha mbolea ya samadi. Alikuwa amekosa siku nne tu, na siku hizo alikuwa hospitalini akijifungua.

"Tunakutana kila Alhamisi," akasema. "Tunalima bustani, halafu tunafuma sweta. Tumekungoja miaka mingi. Utakubali kuja kutufundisha?"

Mtu mwaminifu angesema ukweli pale pale mlangoni. Mimi nilikohoa kidogo, nikatafuta ile sauti, nikasema, "Mkulima mwenzangu, ni heshima kubwa." Nyuma yangu nilimsikia Jelagat akiweka sufuria chini polepole.

Alhamisi ya kwanza niliwahutubia saa nzima kuhusu rutuba. Walikuwa wanachama kumi na tisa, wote wanawake isipokuwa mzee Kiprugut, fundi wa kuchonga mipini, ambaye alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilikumbuka karatasi nyingi za yule binti kuliko nilivyodhani. Walipiga makofi. Kisha Chepngeno akanipa jembe nifungue tuta la kwanza la msimu, na nikalipiga pigo moja lililokwama kwenye mzizi wa mti. Kiprugut akafumbua macho.

"Ardhi yenu ni ngumu," nikasema.

"Ndiyo," akasema Kiprugut. "Hapo ni njia ya ng'ombe."

Kikundi kilikuwa na desturi moja ambayo sikuambiwa mapema. Kila mwisho wa mwezi wanachama wote huenda kutembelea bustani ya mmoja wao, yule ambaye kura imemwangukia. Wanaikagua tuta kwa tuta, wanasifu, wanakosoa, halafu wanakunywa chai. Januari, kura ikaniangukia mimi, kwa mwisho wa Februari.

Nilikuwa nimepanda kabichi mia moja na ishirini mwezi wa Desemba. Sikutaka Jelagat anisaidie. Nilichagua mwenyewe mahali, kule bondeni karibu na kijito, kwa sababu palikuwa tambarare na mgongo wangu haupendi mlima. Nilizika kila mche mpaka shingoni usije ukaona baridi. Januari sakitu, ule umande ulioganda, ikaanguka siku tatu mfululizo usiku. Asubuhi nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na kabichi zangu zililala chini kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Zilizopona zilikuwa saba, na hizo saba hazikukua. Zilisimama tu, kama watu wanaongoja mtu mwingine aanze kuongea.

Ziara ilikuwa Jumatatu. Jumamosi nilikwenda sokoni Keringet nikanunua kabichi thelathini na mbili, nzuri, nzito, nikazileta nyumbani ndani ya magunia juu ya bodaboda, nikimwambia mwendeshaji kwamba nina sherehe. Jumatatu alfajiri, kabla jua halijachungulia, nilikuwa bondeni nimepiga magoti, nikichimba vishimo na kuviketisha vile vichwa kimoja kimoja kwa mistari iliyonyooka. Sijawahi kupanda kitu kwa uangalifu namna ile. Nilizungushia udongo, nikanyunyizia maji kidogo majani yang'ae, nikarudi nyuma hatua kumi kuangalia. Kwa kweli lilikuwa shamba la kupendeza.

Jelagat alisimama juu ya kilima na kikombe chake cha chai, amejifunga shuka mabegani kabla ya kwenda shule.

"Baba Kibet," akasema, "umesahau kupalilia."

"Usinivunje moyo."

"Sikuvunji. Nauliza tu zitavunwa lini, kwa sababu naona zimeshavunwa."

Saa nne wakafika. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri kupita matarajio yangu. Walizunguka mistari ile wakitikisa vichwa kama watu waliovutiwa. Mmoja akapiga picha kwa simu. Nikaweka mikono nyuma, nikawaeleza juu ya nafasi baina ya mche na mche, na jinsi ambavyo siri yote iko katika kumwagilia. Nadhani hata nilisema "mkulima mwenzangu."

Chepngeno akafungua daftari lake la pili.

"Mwalimu, hapa ulitufundisha kwamba kabichi ikipendeza juu usiamini. Ulisema ung'oe moja uangalie mizizi kama imevimba kwa ugonjwa." Akainama. "Ning'oe hii?"

"Si lazima," nikasema. "Hii ni afya tupu."

Lakini alikuwa ameshaishika. Alijiandaa kama mtu anayejua kabichi, akapanua miguu, akavuta kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa hapakuwa na kitu chochote kilichoishikilia, alirudi nyuma kwa kasi akakaa juu ya tuta na kabichi mapajani. Chini ya kabichi palikuwa na kikonyo kilichokatwa kwa kisu, cheupe, kisafi.

Kiprugut akaenda kwenye mstari wa pili, akainua kabichi nyingine kwa vidole viwili kama anavyoinua mtu kofia, akatazama shimoni, kisha akairudisha kwa adabu. Halafu Nakhumicha, mwalimu wetu wa kufuma, mzaliwa wa Bungoma aliyeolewa hapa Tulwet, akachukua ile ya tatu akaigeuza geuza.

"Hii ni yangu," akasema.

"Mama Nakhumicha, kabichi zinafanana," nikasema.

"Hii niliigonga na jembe Ijumaa nikipalilia. Ona kidonda, hapa ubavuni. Nilimuuzia yule mama wa sokoni siku hiyo hiyo." Akanitazama bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa. "Imerudi aje?"

Nimewahi kusoma habari hewani huku nikiugua tumbo. Nimewahi kumpongeza mgeni wa studioni kwa kuoa, kumbe amefiwa. Lakini sijawahi kutafuta maneno nikayakosa kama siku ile. Nikakaa chini kwenye tuta, kando ya Chepngeno. Nikawaambia yote: kwamba maneno hayakuwa yangu, kwamba kulikuwa na binti aliyeandika, kwamba sijawahi kuvuna hata kitunguu, na kwamba hata pigo la kwanza la jembe lile la Alhamisi ya kwanza lilinitia malengelenge mkononi.

"Hiyo ya jembe tulijua," akasema Kiprugut. "Ulilishika kama maikrofoni."

Wakaanza kucheka. Alianza Nakhumicha, wakafuata wengine, na kicheko kikazunguka bonde zima mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Chepngeno peke yake hakucheka. Alikuwa akipapasa jalada la daftari lake.

"Kwa hivyo ni msichana aliandika," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka yote."

"Miaka yote. Nisamehe, Mama."

Alifungua ukurasa mmoja, akaufunga, na hilo ndilo liliniuma kuliko kicheko cha wale wote. "Watoto wangu watatu wamesoma na viazi vya hii daftari," akasema mwishowe. "Viazi vilikubali. Sasa wewe utamtafuta huyo msichana umwambie. Na leo tutakula hizi kabichi hapa kwako, zote, sababu hazitakua tena."

Zikapikwa. Jelagat aliporudi shuleni saa kumi alikuta watu kumi na tisa uani wanakula ugali na kabichi, na mumewe akiosha sufuria. Alichukua sahani akaketi karibu na Nakhumicha.

Jioni nikampigia Chesang simu. Nilimweleza habari za Chepngeno na madaftari yake. Alilia kidogo. Kisha nikamweleza habari za kabichi, akacheka kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyolia. Alipopata pumzi akaniuliza nilipanda upande gani wa shamba.

"Bondeni, karibu na kijito."

"Mzee," akasema, "baridi huteremka kama maji. Bondeni ndiko sakitu hukaa. Hiyo nilikuandikia kila Novemba, miaka kumi na tatu."

Ni kweli aliandika, na mimi nilisoma. Ajabu ya kazi ya redio ni kwamba unaweza kuongea kila siku bila kujisikiliza.

Alhamisi iliyofuata sikutaka kwenda. Jelagat alinitoa nyumbani kama anavyotoa watoto wanaojificha wakati wa hesabu. Kikundi kilikuwa kimeshaamua: sitafundisha tena, nitajifunza. Asubuhi nililima chini ya Chepngeno, ambaye alinihamishia bustani juu mtelemkoni na hakuniruhusu kufungua mdomo tukiwa na jembe mkononi. Alasiri nilikaa chini ya Nakhumicha, kwenye benchi la wanaoanza kufuma, kati ya wasichana wawili waliokuwa wanangoja matokeo ya mtihani na walionizidi mbali.

Kufuma ni kazi ya kuhesabu na kunyamaza, na mimi sikuwa na kipaji cha lolote kati ya hayo. Niliamua kumfumia Jelagat sweta ya kijani. Miezi minne nilipigana nayo. Mkono wa kulia ulifika kwenye kiwiko, wa kushoto uliendelea hadi ukapita vidole, kwa sababu nilikuwa nikisimulia hadithi na sikuona. Kifua kilikuwa kipana kama pipa. Shingo ilikuwa nyembamba mno. Jelagat alipojaribu kuivaa, iligoma kwenye paji la uso, akasimama sebuleni akiwa haoni, mikono juu, akiniuliza kwa utulivu kama nilimpima nikiwa macho.

"Imependeza mgongoni," nikamwambia.

Nikaipeleka kwenye kikundi ifumuliwe uzi utumike tena. Ilikuwa Julai, na Julai ya Keringet huwezi kuisimulia kwa mtu wa Nakuru akaamini. Ukungu hushuka saa nane mchana na kukaa kama mgeni asiye na kwao. Siku hiyo hiyo ng'ombe wa Chepngeno alizaa kabla ya wakati, hatua chache kutoka tulipoketi. Ndama alikuwa mdogo, miguu miembamba, anatetemeka mpaka masikio yanatikisika, na hakuweza kusimama kunyonya. Tulimsugua kwa gunia, tukamwashia jiko kando. Bado alitetemeka.

Nakhumicha ndiye aliyeichukua sweta yangu benchini. Alikata ile shingo kwa mkasi, akamvika ndama kichwani, akapitisha miguu ya mbele katika mikono. Wa kushoto akaukunja mara mbili. Kile kifua kama pipa kikaketi barabara kwenye mbavu, kikafika hadi kiunoni. Tukasimama tukitazama.

"Basi," akasema Kiprugut, "mwenye hili umbo alikuwa hajazaliwa."

Kufikia magharibi ndama aliacha kutetemeka. Asubuhi alisimama. Chepngeno alinipigia simu kuniambia, na nikamsikia, kwa mara ya kwanza tangu Februari, akicheka; alisema ndama ananyonya na sweta imejaa maziwa kifuani.

Tangu hapo nafuma sweta za ndama. Sina mshindani, kwa kuwa wenzangu wote wanajua kufuma za watu. Nimeshafuma tisa, na kila moja inaonyesha kasoro ambayo ndama hajawahi kuilalamikia. Watu wa Kuresoi huziulizia baridi ikianza. Jelagat ameninunulia uzi wa kahawia, akisema kijani kinatisha ng'ombe, na yeye mwenyewe amejinunulia sweta ya dukani.

Mwezi wa Oktoba kikundi cha kina mama kutoka Ndabibi kilikuja kututembelea. Waliletwa moja kwa moja mpaka kwenye benchi langu, na mama mmoja mwenye miwani akainua sweta niliyokuwa nayo mkononi, akaniuliza kwa nini pale begani uzi unaongezwa kabla ya kupunguzwa, na kama wao kule chini wanaweza kuwafumia mbuzi.

Wote walinigeukia. Nilihisi ile sauti ikipanda kutoka tumboni, nzito, iliyoshiba, na jibu zima tayari.

"Sijui," nikasema. "Mimi naambiwa tu niongeze. Muulize huyu mama hapa."

Nakhumicha akasogeza kiti chake, akachukua sindano zangu, akaanza kuwaeleza. Nilisikiliza na mimi. Kumbe kuna sababu nzuri kabisa.