Robo Saa ya Baba

Jirani yangu ana gari kuukuu ambalo kila asubuhi hukataa kuwaka. Hulia kirr-kirr-kirr, likanyamaza, likalia tena, na mkewe hutoka mlangoni kumfundisha mume kazi: kanyaga, achia, mbona unaliharakisha. Nami nikiwa jikoni na kikombe changu cha chai, hasira hunipanda. Mwache, mama, nasema kimoyomoyo, likitaka kuwaka litawaka. Kisha harufu ya petroli huingia dirishani, na ghafla nina miaka minane tena, nimekaa juu ya tairi katika gereji ya baba yangu pale Buyenzi, mjini Bujumbura, nahangaika kulisema jina langu.

Naitwa Batuli. Kuliandika ni rahisi namna hiyo. Nilikuwa na kigugumizi, na katika herufi zote hakuna iliyonichukia kama B. Midomo ilikutana ikakataa kuachana, macho yakanitoka, na yule aliyeuliza akaanza kutazama pembeni kwa aibu. Wageni wakiniuliza jina niliwaambia naitwa Asha, maana Asha lilitoka bila matata. Kuna wazee wawili wa mtaa wa pili walioendelea kuniita Asha hadi nilipoolewa.

Shuleni hakukuwa na ujanja huo. Mwalimu wetu wa darasa la pili alitaka kila mtoto asimame asubuhi, ataje jina lake mwenyewe, naye atie alama kwenye daftari. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikabana midomo, darasa likacheka, mwalimu akasubiri kidogo kama mtu anayesubiri chafya ya mwenzake, halafu akasema, anayefuata. Alama hakutia. Mwisho wa muhula baba aliitwa kuelezwa kwamba binti yake ni mtoro. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, chini ya pua ya mwalimu, na kwenye daftari sikuwepo. Mwalimu akasema kama hali ni hiyo hadi mwisho wa mwaka, darasa la tatu nisahau, na heri nibaki nyumbani nimsaidie mama.

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka tabibu. Nililishwa asali, nikanyweshwa kombe, ile dawa ya aya zinazoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Jirani mmoja alisema kigugumizi huondoka kwa kushtuliwa, basi akawa ananinyatia na kugonga sufuria kwa mfuniko karibu na sikio langu. Nakumbuka nilivyomchukia. Ilikuwa miaka ya vita, risasi zililia mjini wiki hii na ile. Kama kushtuka kungekuwa dawa ya ulimi, Bujumbura nzima tungekuwa wahubiri.

Aliyenichosha zaidi ni Shangazi Mwavita, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa na chumba chake uani kwetu. "Ulimi hauna mfupa," alikuwa akisema, "sasa unakwama wapi?" Yeye alikuwa na ushahidi. Madrasa nilisoma Yasini kwa sauti na mahadhi, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama hata mara moja. "Mutoto huyu iko muzima," akawaambia watu. "Yasini inatoka yote. Nikimutuma dukani, 'chumvi' ndiyo inakataa kutoka? Ni ukaidi tu." Watu wakatikisa vichwa. Mimi mwenyewe sikujua la kumjibu, na hata ningelijua nisingeweza kulisema.

Mama ndiye aliyesikia habari za Madamu Esperansi. Alikuwa mwanamke wa Uvira, upande wa Kongo, aliyekimbia vita vya kwao akaingia katika vita vyetu, na alikuwa akiwafundisha kusema watoto wenye shida ya ulimi, katika chumba nyuma ya zahanati moja ya Ngagara. Baba alikubali upesi. Kwake hilo lilikuwa jambo la akili: gari likisumbua injini unalipeleka kwa fundi wa injini, likisumbua umeme unalipeleka kwa fundi wa umeme. Jumamosi moja tulivuka daraja la mto Ntahangwa kwa miguu, akanifikisha mlangoni, akamwambia yule mama, "Namuacha hapa. Nitamupitia saa sita."

Madamu alimtazama kuanzia viatu vyake vyenye grisi hadi kofia. "Apana, baba. Hapa haiko gereji. Ingia, kaa."

Baba akakaa, tena kwenye kiti cha mtoto. Swali lake la kwanza lilikuwa lile alilozoea kuulizwa yeye na wateja: itachukua siku ngapi?

"Sijui," akasema Madamu.

"Wiki mbili? Tatu?"

"Sijui, baba. Inaweza kwenda miezi mingi. Itapanda, itashuka. Pengine kitapungua sana, pengine kitabaki kidogo mpaka uzee. Mi siwezi kukuahidi kama hatakwama. Mi nataka aseme ata kama anakwama."

Baba aliguna. Alikuwa na sura ya mtu aliyeambiwa atarudishiwa gari na ubovu wake. Akauliza kama ni risasi zilizoniharibu, maana ndivyo walivyosema wengine nyumbani. Madamu akamuuliza nilianza lini. Baba akahesabu kwa vidole na kugundua nilianza kukwama kabla ya vita kufika kwetu. "Basi tusitafute mwenye kosa," akasema Madamu. "Ila niambie, nyumbani nani anamukatiza zaidi?"

"Mama yake," akajibu baba papo hapo.

Madamu akanigeukia mimi. Sikuhitaji ulimi. Nilinyoosha kidole, nikamwonyesha baba.

Nilitarajia kupewa vidonge, au ulimi wangu uvutwe kwa mashine. Badala yake Madamu alinifundisha kuigusanisha midomo taratibu, kama mtu anayeonja chai ya moto, na kuiachia B itoke na pumzi. Nusu ya muda tulicheza. Kazi ngumu ilipewa baba. Kila siku robo saa, yeye na mimi peke yetu, kelele zote zimezimwa. Mazungumzo nichague mimi. Yeye asinimalizie neno, asiniambie "taratibu" wala "vuta pumzi", asitazame pembeni. Asubiri tu. Baba alisema sawa, na njiani kurudi akanimalizia maneno manne kabla hatujafika darajani.

Robo saa ile ilikuwa adhabu yetu sote wawili. Alizima mashine ya kujaza upepo, akawafukuza vijana wake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunielekezea uso. Nikianza kukwama, midomo yake ilicheza pamoja na yangu, mishipa ikamsimama shingoni. Na saa yake ya mkononi! Aliitazama kila baada ya sentensi, akidhani simwoni. Wateja walipiga kelele nje, "Fundi Rajabu, fundi," naye akajibu kwa mkono bila kugeuka, kama mtu aliyeshikwa na polisi. Nami, kwa kumkomoa, nilimsimulia habari ndefu za kuku wa Shangazi Mwavita, alitaga wapi, akafukuzwa na nani, na kila nilipofika kwenye "banda" nilikaa hapo, nikakaa, hadi baba akafumba macho. Nyumbani kwetu kila mtu alipenda kusema subira yavuta heri. Sijui heri ilivutwa na nani, maana subira sikuiona kwa mtu.

Wiki nyingine njia zilifungwa hatukuweza kwenda Ngagara. Wiki nyingine nilisema vizuri siku tatu mfululizo, mama akaanza kushukuru, kisha ukapita usiku mmoja wa milipuko na asubuhi nikakwama hata kwenye "ndiyo". Baba alienda kumlalamikia Madamu kwamba tunarudi nyuma. "Nilikuambia itashuka," akajibu yule mama, wala hakuonekana kuhuzunika. Baba alitoka pale amekasirika kama mteja aliyepunjwa.

Jumamosi iliyofuata darajani kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Tulipanga foleni juani. Mbele yetu mtu mmoja aliwekwa kando, akaketishwa chini, mikono kichwani, na hakuna aliyesema kwa nini. Tulipofika, askari akachukua kitambulisho cha baba, akakisoma, akanitazama mimi.

"Muzee, huyu mutoto ni wako?"

"Wangu."

"Anaitwa nani?"

Baba akafungua mdomo. Kisha akaufunga. Akanitazama.

Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Ni lile zoezi. Asinimalizie, asubiri. Hapa, mbele ya bunduki, baba yangu alikuwa anatimiza masharti ya Madamu. Sikuamini macho yangu.

"Mutoto wako, na haujui jina lake?" Sauti ya askari ilikuwa imebadilika. Mwenzake akasogea. Mtu nyuma yetu akanong'ona, sema basi, sema. Nilimwona yule aliyeketishwa chini akituangalia. Nikafahamu kwamba Asha haitafaa leo, na kwamba nisiposema baba atakwenda kukaa pale.

"B," nikasema. Ikabana. Nikakumbuka chai ya moto, haikusaidia. "B-b-b," macho yamenitoka, mate kidevuni, na sikuacha. "Ba-Ba-Batuli. Batuli binti Rajabu."

Askari akakitazama kitambulisho tena, akamrudishia baba. "Muzee, mutoto ndiye anakujibia?" Akatupisha.

Sikuzungumza na baba wiki nzima, na kwa mara ya kwanza haikuwa kigugumizi. Mama aliposikia alimfokea hadi majirani wakaja. "Unamupima mutoto mbele ya bunduki?" Baba hakujitetea. Alisema tu, "Alisema mwenyewe." Jioni ile robo saa yetu tuliikaa kimya, mimi nimenuna, yeye juu ya ndoo yake, hadi adhana ya magharibi. Niliona mkono wake hauna saa. Nikadhani ameisahau.

Jumatatu nilisimama darasani nikakwama kama kawaida, ila sikukaa. Mwalimu akasema anayefuata, nikabaki nimesimama. Nilichukua muda mrefu, wenzangu wakacheka wakachoka kucheka, na mwishowe jina likatoka, akatia alama. Mwaka ule nilipanda darasa la tatu. Kigugumizi hakikwenda popote. Hata leo, ukinipigia simu, nitakuweka kwenye B kidogo.

Hasira yangu iligeuka fahari. Kadiri miaka ilivyopita, kisa cha darajani kikawa hadithi ya familia, na Shangazi Mwavita, yule yule wa chumvi, akawa anaisimulia harusini: subira ya Rajabu, aliyemwachia mwanawe aseme hata mbele ya bunduki. Nami niliisimulia hivyo. Baba alikuwa akinywa kahawa yake tu.

Nilimuuliza mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Tulikuwa kibarazani, gereji imeshakuwa ya mtu mwingine. Nikamwambia, baba, ulipata wapi moyo ule wa kunisubiri?

"Sikukusubiri," akasema. "Jina lilinikatalia. Nililijua, mwanangu, ni mi nilikupa. Nikafungua mdomo, halitoki. Woga ulinishika hapa." Akagusa koo. "Nikasema, kumbe ni hivi. Kumbe kila siku anakaa ndani ya kitu hiki, na mi niko naangalia saa."

Aliivua saa siku ile ile, akamwuzia mmoja wa wateja wake. Miezi yote ile nilidhani ni mimi niliyekuwa nikifundishwa, naye ni dereva tu wa kunileta na kunirudisha.

Nilitaka kumwambia pole. Lakini P ni ndugu wa B, nayo ikakwama. Baba akageuza kiti akanielekezea uso, mikono magotini, akasubiri hadi ikatoka.