Shairi la Kaka Kuaga Utoto

Kaka yangu Kadek aliuaga utoto kwa kipaza sauti, mbele ya ukoo mzima. Alikuwa na miaka thelathini na tatu.

Msicheke. Kwetu Bali hujawa mtu mzima mpaka uchongwe meno ya juu, na sherehe yenyewe ina mambo mengi, kwa hiyo watu husubiri. Wengine husubiri raha mustarehe, Mama akiwafulia mpaka soksi.

Harusi yake ilikuwa alasiri ya siku hiyohiyo ya kuchongwa. Asubuhi mchumba wake, Wirati, alinivuta pembeni.

"Wifi, nikiona utoto leo narudi kwetu. Sikuja kulea."

Nikaanza kupiga hesabu. Kaka akiachwa, nani atabaki naye nyumbani? Si mimi?

Kuhani akiwa tayari na tupa yake, Kadek akaomba kwanza asome shairi. Alidai amekesha akilitunga.

"Kwaheri utoto wangu, nakuacha mlangoni..."

Mashangazi wakatoa leso. Hata mimi na ukorofi wangu, nikaazima ya jirani.

"Nabeba mzigo wangu..."

Akakwama. Jamaa kasahau.

"Sitabebwa mgongoni," ikajibu sauti kutoka jikoni.

Mama huyo, mwiko mkononi, anakuja huku anaporomosha beti zilizobaki bila kugugumia. Kumbe mtunzi ni bi mkubwa.

Wirati akainuka.

"Mama, kumbe anayeaga utoto ni wewe. Basi lala hapo uchongwe."

Watu wakaangua kicheko. Mama hakuona cha kuchekesha.

"Mwanangu ana haya, mkwe. Nimemsaidia kidogo tu."

Wirati akaanza kukusanya nguo zake. Hapo Kadek akaweka kipaza sauti chini.

"Mama, inatosha. Wirati, kesho nafua nguo zangu. Na zako." Akafikiri kidogo. "Sabuni inakaa wapi?"

Wirati alijaribu kununa, ikashindikana. Akaketi.

Mama akafungua kinywa amwambie Kadek sabuni ilipo. Kisha akakifunga, akabana midomo, machozi yakimtiririka. Sijawahi kumwonea huruma kama siku ile.

Kadek akalala, akachongwa, wala hakulalamika.

Jamani, wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ila ukifika wakati, mzazi naye ajifunze kunyamaza, sabuni itafutwe.