Mtoto Anayeharisha Hanyimwi Maji

Tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Misima, viwanja vilikuwa vimeshapimwa, lakini kisima hakikuwapo. Tulichota maji kwenye lambo, na ng'ombe wa Wamasai wakinywa hapo hapo. Mvua za kwanza ziliposhuka watoto wakaanza kuharisha. Binti yangu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, naye akashikwa.

Mume wangu alikuwa akikata mkonge Mazinde. Nyumbani nilibaki na mama mkwe, aliyezaa watoto wengi na kuzika watatu, wote kwa ugonjwa wa tumbo.

"Usimpe maji," aliniambia. "Tumbo halishiki kitu. Ukimnywesha, unaongeza ya kutoka."

Hakusema kwa ukali. Hata kwetu nilikozaliwa walisema hivyo hivyo.

Kesho yake mtoto alikataa titi. Macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi. Nikamfunga mgongoni, tukaenda zahanati, mama mkwe akinifuata nyuma.

Muuguzi alimwamkia mama mkwe kwanza, kisha akamfinya mtoto ngozi ya tumbo. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Amekauka," alisema. "Maji yanamtoka, hayarudishwi. Hilo ndilo linaloua."

Akachukua maji yaliyochemshwa na kupoa, akatia sukari, kisha chumvi kidogo, akanionjesha. "Isizidi chumvi ya machozi. Mpe kijiko kimoja kimoja."

Nilimpa. Akatapika yote, nami nikaweka kikombe chini.

"Subiri kidogo, uanze tena, polepole zaidi," muuguzi akasema. "Na titi usimwachishe."

Tulishinda pale. Jua lilipoanza kupinda nikahisi kanga yangu imelowa mapajani. Mtoto alikuwa amekojoa. Muuguzi akapumua kwa nguvu, akasema sasa mwili umepata maji. Akatuusia kwamba tukiona damu kwenye choo, au mtoto amelegea hata kunywa hawezi, tumrudishe mara moja.

Mama mkwe akauliza, "Mwanangu, na yule anayelilia maji, ananyoosha mkono kwenye mtungi, naye angepewa?"

Muuguzi akamgeukia. "Angepewa, mama. Ila hakuna aliyekwambia."

"Mimi niliuficha mtungi," akasema mama mkwe.

Muuguzi akaja akaketi kwenye benchi, karibu naye. Mimi nikaendelea kumnywesha mtoto.

Kurudi, mama mkwe alimbeba mtoto mwenyewe. Kila tulipopumzika alimnywesha, akimfuta kidevu kwa ncha ya kanga yake.

Siku zile sukari ilikuwa ya kubahatisha kwenye duka la kijiji. Ikipatikana, yeye alikunywa chai bila sukari, fungu lake akalitia kwenye kopo. Akisikia nyumba fulani mtoto anaharisha, alikwenda na kopo lile, hata kwa Wamasai ng'ambo ya lambo, ambako yeye na mama wa mtoto walielewana kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Wengine aliwawahi. Wapo aliowakuta wamekwisha, akakaa matanga na mama zao.

Kuhusu wanawe watatu hakunieleza kitu, wala sikumuuliza. Asubuhi moja tu, akichochea moto chini ya sufuria ya maji, nilimsikia akitaja majina matatu taratibu, kwa Kizigua, kama mtu anayewaita watoto waje kula.